Niliificha Zebaki Chini ya Sakafu, Lawama Nikamwachia Mama

Mkosaji ni mimi. Siyo shetani, siyo marafiki wabaya, wala siyo dhahabu. Ningeweza kuanza kwa kukusimulia nilivyokua kwa shida ili unionee huruma, lakini huruma yako siistahili.

Mama yangu mzazi amezikwa akiamini kwamba alimlisha sumu mjukuu wake. Aliyeiingiza ile sumu ndani ya nyumba ni mimi. Na nilijua, ndugu yangu. Nilijua!

Jina langu sitalitaja, na la mtoto nimelibadilisha. Najua wapo watu wa Tarime watakaonitambua wakisoma hapa. Wacha wanitambue.

Wakati ule machimboni kulikuwa kumechangamka. Nilikuwa na fungu langu kwenye duara moja, yaani shimo la kuchimbia, na lile duara likatema dhahabu. Mtu ambaye jana mlikuwa mnagawana naye muhogo wa kuchoma, leo unamkuta anashusha mabati ya rangi. Na mimi nikawa mmoja wao. Nikanunua kiwanja Turwa, palepale mjini Tarime, nikajenga.

Mke wangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Kwao ni Singida, serikali ndiyo ilimleta huku, tukakutana, tukaoana. Mtaani wote wanamwita Mwalimu, na mimi hapa nitamwita hivyohivyo. Nyumba ilipofika kwenye sakafu tulikuwa na mtoto mmoja mchanga wa kike. Tumwite Bhoke.

Ugomvi wetu ulianzia kwenye sakafu.

Mwalimu alitaka marumaru. Aliniambia, "Baba Bhoke, weka marumaru. Mtoto atamwaga uji, atakojoa, mimi napiga deki, basi, imekwisha."

Nikamwambia marumaru kila mtu anayo. "Hata bucha ya pale stendi ina marumaru!"

"Sasa bucha ikiwa na marumaru, sisi tunapungukiwa nini?"

Nilikuwa na kiburi tu. Siku za nyuma nilikuwa nimekaribishwa na jamaa mmoja Sirari, wakala wa kutoa mizigo mpakani. Sebuleni kwake alikuwa ameweka lamineti, zile mbao nyembamba za kiwandani zinazochomekana moja kwa nyingine mpaka sakafu nzima inaonekana mbao tupu. Nilivua viatu nikakanyaga. Aisee! Na baridi ya huku kwetu asubuhi unaijua. Ilikuwa kama nimekanyaga ngozi ya ng'ombe iliyoanikwa juani. Yule jamaa alicheka, akaniambia kwa Kiswahili chake cha kule ng'ambo, Kenya, "Hizo tiles achia watu wa hoteli, buda. Hii ndiyo nyumba."

Nikarudi nayo kichwani.

Fundi niliyempata, mtu mwenye asili ya Tanga, alisema zote ni sakafu, kila moja na tabia yake, lamineti haipendi maji. Mwalimu akadakia, "Unaona? Yale maungio yanameza kila kitu. Kinachoingia mle hukioni tena."

"Nani atamwaga maji sebuleni kwangu?" nikauliza. Nikamgeukia fundi. "Wewe weka lamineti."

Tukaweka lamineti. Sebule, chumba chetu, na chumba kidogo cha nyuma. Majirani walikuja kuangalia. Walikuwa wanainama wanaigusa kwa kiganja. Sikufichi, nilijisikia mtu.

Sasa sikiliza nilichokifanya.

Ukishasaga mawe na kuosha mchanga mwaloni, yaani pale wachimbaji wote wanapooshea, dhahabu unaikamata kwa zebaki. Zinashikana, unapata donge. Lile donge unalichoma kwenye mkaa, zebaki inaondoka na moshi, inabaki dhahabu. Wengi wanachomea palepale mwaloni. Lakini mwaloni kila mtu anaona umepata kiasi gani, na kabla hujafika nyumbani binamu wameshaanza kukupigia simu. Mimi nikajifanya mjanja. Nikawa nabeba donge langu na kichupa changu cha zebaki, nachomea nyumbani kwenye kile chumba cha nyuma, Mwalimu akiwa shuleni na mtoto akiwa kwa jirani. Nafungua dirisha, nachoma, nazima, nafagia. Mke wangu alikuwa hajui lolote.

Jumamosi moja Mwalimu alikwenda sokoni na mtoto mgongoni. Nikasema hapa nina muda. Kumbe alisahau pochi. Nikasikia geti. Nikakinyakua kile kichupa nikifiche kabatini, kifuniko sikuwa nimekikaza. Kikaniponyoka.

Kama hujawahi kuona zebaki ikimwagika, usiombe. Inapasuka vipande vipande, vishanga vya fedha vinakimbia kila upande kama vina miguu. Nikapiga magoti, nakusanya kwa kadibodi. Nikigusa kimoja kinakuwa vitatu. Na vyote vilikuwa vinakimbilia wapi? Kwenye maungio ya mbao. Vinafika pale, vinadidimia, kimya. Mwalimu alipoita, "Baba Bhoke, upo?" sakafu ilikuwa inang'aa kana kwamba hakuna kilichotokea.

Nikatoka nikamjibu, "Nipo, mama." Nikampa pochi yake.

Ingekuwa marumaru ningeviona. Ningeshindwa kuvificha, ningelazimika kusema. Ile sakafu niliipenda zaidi siku ile, kwa sababu ilinisaidia kuficha. Nikatandika mkeka juu yake. Nikajiambia kule mwaloni watu wanaishika kwa mikono mitupu na hajafa mtu. Nikaacha kuchomea nyumbani, nikajiona nimejirekebisha.

Wakati huo likizo ya uzazi ya Mwalimu ilikuwa imeshakwisha, na kumwacha mtoto kwa jirani kila siku kulimtia wasiwasi. Nikaenda kijijini Kisaka kumwomba mama yangu aje atulelee. Mama alikuwa mjane, anaishi jirani na dada yangu, ana shamba lake la ulezi na mbuzi wachache. Aliwaachia watu mbuzi akaja.

Chumba kilichokuwepo ni kile cha nyuma.

Unaniuliza kwa nini sikusema kitu? Na mimi najiuliza. Niliwaza nimpe mama sebule, lakini Mwalimu angeuliza sababu. Nikabeba begi la mama mwenyewe, nikaliweka mle. Mama alivua ndala, akakanyaga, akashangaa. "Mura, kijana wangu, hii sakafu haina baridi hata kidogo!" Akaukunja ule mkeka, akauweka pembeni. Akakaa chini na mtoto mapajani. "Mungu akubariki, mwanangu. Miguu yangu ilikuwa inauma, sasa itapona."

Mama akanibariki. Jamani!

Basi ndiyo ikawa maisha yao. Mwalimu akienda shule, mimi nikienda machimboni, mama na Bhoke wanakaa kwenye kile chumba chenye joto, mlango umefungwa ili upepo usiingie. Bhoke akajifunza kutambaa palepale. Alikuwa na tabia ya kuparura maungio ya mbao kwa vidole, kisha vidole mdomoni.

Akaanza kubadilika. Mtoto aliyekuwa anacheka na kila mgeni akawa analia kutwa. Halali. Anatoka jasho mpaka nguo inalowa, na huku hakuna joto. Viganja na nyayo vikawa vyekundu, ngozi inabanduka kama ganda la kitunguu. Alikuwa ameanza kusimama kwa kushika kiti, akaacha. Halafu akaacha na kutambaa. Ukimnyanyua anakuwa mlegevu kama nguo mbichi.

Tukaenda hospitali, wakatibu malaria. Tukarudi, wakatibu minyoo. Tukaambiwa ni meno, tukaambiwa ni mzio wa sabuni.

Mama naye mikono ikaanza kumtetemeka. Kikombe cha chai akikishika kwa mkono mmoja, chai inamwagika. Fizi zikawa zinatoka damu. Tulisema ni uzee. Mimi pia nilisema ni uzee, na moyoni kuna kitu kilikuwa kinanigonga, nakinyamazisha.

Hatimaye tukampeleka Bhoke Mwanza, hospitali kubwa. Daktari alikuwa mwanamama mpole, mtu mzima. Alimpima mtoto taratibu, akaangalia viganja kwa muda mrefu, kisha akatuuliza, "Nyumbani mtoto amewahi kupewa dawa yoyote ya kienyeji?"

Mwalimu akajibu haraka, "Ndiyo. Bibi yake humpa maji ya mizizi, anasema ni ya mchango wa tumbo. Nilimkataza mara nyingi."

Daktari akatikisa kichwa. Akanigeukia mimi. "Na wewe, baba? Umesema unafanya kazi machimboni. Kuna zebaki yoyote imewahi kuingia nyumbani?"

Ndugu yangu, mlango ulikuwa umefunguliwa wazi mbele yangu. Neno moja tu!

Nikamtazama Mwalimu. Nikaona atakavyonitazama nikisema ndiyo. Nikaona polisi, nikaona mashemeji wa Singida, nikaona majirani.

"Hapana, daktari. Mambo ya zebaki yote yanaishia mwaloni."

"Una uhakika?"

"Nina uhakika."

Akaandika. Wakamlaza mtoto, na alipokuwa kule hospitali akapata nafuu, akaanza hata kutabasamu kidogo. Mwalimu akasema, "Unaona? Ametoka mikononi mwa mama yako tu, anapona." Sikumpinga. Nafuu ile ilikuwa ushahidi kamili, na ushahidi ulikuwa umemwangukia mama. Mimi nikashusha pumzi. Ndiyo, nilishusha pumzi!

Tuliporudi Turwa mama alikuwa ametusubiri getini, ameshapika ugali wa ulezi na kuku. Alinyoosha mikono ampokee mjukuu. Mwalimu akamgeuzia bega.

"Mama, shikamoo. Naomba usimguse mtoto. Daktari ameuliza kuhusu ile mizizi yako. Ndiyo iliyomharibu."

Mama hakuelewa mwanzoni. Akacheka kidogo, ile ya mtu anayedhani anataniwa. "Ile ya mchango? Nimewapa wanangu wote. Nimempa huyu," akanionyesha mimi, "na huyu hapa, si mzima?"

"Mama, umempa mwanangu sumu!" Mwalimu alikuwa analia. Simlaumu. Alikuwa anaamini nilichomfanya aamini.

Mama akanitazama. Alikuwa anasubiri mimi niseme neno. Mtoto wake. Wa tumbo lake.

Nikatazama pembeni.

Mama akaishusha ile mikono aliyokuwa ameinyoosha. Kisha akasema, "Kama ni mkono wangu, mniondoe. Mtoto apone."

Siku iliyofuata nikampakia kwenye gari kumrudisha Kisaka. Njia nzima alikuwa amekumbatia lile begi lake. Aliniuliza mara moja tu, "Mura, na wewe unaamini?" Nikamwambia, "Mama, madaktari ndio wanaojua." Hakuniuliza tena. Tulipofika alishuka mwenyewe, akaingia ndani, hata hakuwasalimia majirani waliotoka kutulaki.

Mungu wangu, nisamehe.

Unadhani nilikoma hapo? Chumba cha nyuma kikawa wazi, na Mwalimu akaona kina joto kuliko vingine. Akahamishia kitanda cha mtoto mle. Nikajaribu kumzuia, nikasema kina unyevu. Akaniuliza, "Unyevu uko wapi? Nionyeshe." Sikuwa na cha kuonyesha ila ukweli, na ukweli sikuutoa. Bhoke akarudi mle. Akazidiwa tena, safari hii vibaya, mpaka akawa hashtuki hata ukipiga makofi karibu na sikio lake.

Mwalimu alichanganyikiwa. Bibi hayupo, mizizi haipo, mtoto anaugua!

Mchana mmoja alikuwa anamwogesha mle chumbani kwa sababu nje kulikuwa na upepo. Mtoto akashikwa na mtukutiko, mama mtu akamrukia, beseni likapinduka. Maji yote chini. Kabla hajapata kitambaa yakawa yameshazama kwenye maungio. Kesho yake zile mbao zikavimba, zikainuka kingo kama mikate. Mimi nilikuwa machimboni. Mwalimu akampigia fundi aje azing'oe kabla hazijaoza zote.

Nilirudi alasiri nikamkuta fundi amesimama nje, mikono kiunoni. Nikaingia. Mwalimu alikuwa amechuchumaa katikati ya chumba, mbao zimepangwa ukutani. Chini, juu ya lile sponji jembamba linalowekwa kabla ya mbao, zile shanga za fedha zilikuwa zimelala pale. Nyingi. Nyingine ndogo kama mbegu za ulezi, nyingine zimeungana zimekuwa kama kifungo cha shati. Zinang'aa.

Mwalimu anafundisha sayansi. Hakuuliza ni nini.

"Ilifikaje hapa?"

Nikaanza, "Unajua, hawa mafundi..."

"Baba Bhoke." Hakupaza sauti. "Ilifikaje hapa?"

Nikamweleza. Nilidhani atanipiga, atapiga yowe. Alisimama, akampitia mtoto sebuleni, akatoka naye na nguo walizokuwa wamevaa. Akafika getini akageuka. "Daktari alikuuliza. Nilikuwepo. Alikuuliza mara mbili."

Walirudi Mwanza. Safari hii ukweli ulitangulia, wakapima wanachopaswa kupima, wakaanza dawa ya kutoa sumu mwilini. Daktari aliwaambia watakachookoa ni kile ambacho hakijaharibika bado.

Baada ya muda nilimpata mtaalamu mmoja wa afya aje aikague nyumba. Nikamwambia, kwa kutafuta pa kujishika, laiti ningeweka marumaru. Akanijibu bila kunibembeleza, "Marumaru ingekusaidia kuiona na kuizoa mapema, hilo kweli. Lakini kwa moshi wa zebaki uliyokuwa unaichomea ndani, hakuna sakafu ya kukuokoa." Akasema hata zege la chini lisiaminiwe mpaka lipimwe, na mtoto yeyote asikae mle.

Mwalimu akiwa hospitali alinipigia simu. Alisema jambo moja. "Nenda Kisaka. Kamwambie mama ukweli. Mimi nitakwenda kumpigia magoti nikitoka huku, lakini wewe ndiye uanze. Usimtume mtu."

Nikaenda. Nilinunua sukari, sabuni, na kanga doti moja. Nilimkuta mama uani anapepeta ulezi, mikono inatetemeka, nusu unamwagikia chini na kuku wanaokota. Alikuwa amekonda. Nikamwamkia, nikakaa. Mtoto wa jirani, kale kanakoanza kutembea, kakamjia, kakamshika goti kakitaka kunyanyuliwa. Mama akaweka ungo chini haraka, akaiingiza mikono yote miwili ndani ya kanga. Akakaambia kwa Kikurya kaende kwa mama yake. Kakalia. Mama alitazama chini mpaka kalipoondoka.

Nikajua nimekuja kufanya nini. Maneno yalikuwa mdomoni kabisa.

Akaniwahi. "Bhoke anaendeleaje?"

"Yuko Mwanza, mama. Anatibiwa."

"Mizizi yote nimechoma. Na ile iliyokuwa inaota nyuma ya zizi nimeing'oa. Naomba usiku na mchana." Akaninong'oneza kama mtoto anayeuliza kama fimbo zimekwisha, "Imeshatoka mwilini mwake?"

Na mimi nikamjibu nini? Nikasema, "Ndiyo, mama. Madaktari wanasema imeshaanza kutoka."

Akafumba macho, akashukuru Mungu. Nikala ugali wake, nikaondoka.

Barabarani simu ikalia. Mwalimu. "Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Amesemaje?"

"Amelia kidogo. Amesema amesamehe. Wewe na mimi, wote."

Mwalimu akalia kwa furaha kule upande wa pili. Alisema, "Mama yako ana moyo, mimi nisingeweza." Unaelewa nilichofanya? Nilijisamehe mwenyewe kwa kinywa cha mama yangu! Kila siku nilijiambia nitarudi wiki ijayo nikamweleze vizuri. Kila wiki ilikuwa na sababu yake. Mara duara limeingia maji, mara gari bovu, mara mvua.

Mama alifariki kabla Bhoke hajatoka hospitali. Dada yangu alisema alilala mchana baada ya kutoka shambani, hakuamka. Kama ni ile zebaki aliyolala nayo miezi yote ile, hakuna aliyepima. Hakuna atakayejua. Najua tu nilimlaza juu yake.

Mwalimu alikuja msibani kutoka Mwanza, hospitali imewapa ruhusa ya siku chache, mtoto akiwa mgongoni. Alikuja analia kama aliyefiwa na mama yake mzazi. Akakaa mkekani na wanawake. Dada yangu akampokea mtoto, akamtazama, akaanza kuomboleza, "Mama hukumwona! Mjukuu wako amepona na hukumwona! Ulikataa hata kumpakata mwanangu, ukisema mikono yako ina sumu. Mpaka unakufa mama unasema una sumu!"

Mwalimu akaacha kulia. Nilimwona kutoka kule tulikokaa wanaume. Akanyanyuka, akaja mpaka katikati yetu, jambo ambalo mwanamke hafanyi msibani kwetu, wazee wote wakiangalia.

"Mama alikufa hajui?"

Nikanyanyuka nimvute pembeni.

"Nakuuliza mbele ya kaka zako. Ulimwambia au hukumwambia?"

Kaka yangu mkubwa akasema, "Alimwambia nini? Shemeji, kuna nini?"

Basi aliwaeleza. Sakafu, kichupa, daktari, simu, yote. Alieleza akiwa amesimama, sauti moja, kama anafundisha darasa. Alipomaliza hapakuwa na mtu aliyenigusa. Ningeshukuru wangenipiga. Kaka yangu alisema tu, "Koleo utashika, kwa sababu ni mama yako. Ukimaliza kufukia, ondoka." Nilifukia. Niliondoka.

Mwalimu aliomba uhamisho, akapata kwao. Bhoke sasa anatembea. Anatembea kwa kuyumba, na sikio moja halisikii, na maneno yanachelewa kutoka. Ananijua kwa picha ya simu. Dada yangu hajawahi kupokea simu yangu tangu msiba.

Machimbo niliyaacha. Nyumba ya Turwa imebaki zege tupu. Juzi hapa walikuja mtu na mkewe kuitazama, wanataka kupanga. Mke alikuwa mjamzito. Yule mume akazunguka vyumba vyote, akasema imemfaa, sakafu wataweka marumaru wenyewe. Nikaona mdomo wangu unataka kusema sawa. Nikawasimamisha pale mlangoni nikawaeleza kila kitu, tangu kichupa mpaka kaburi. Yule mwanamke alishika tumbo akarudi nyuma mpaka nje. Waliondoka bila kuaga. Ilikuwa mara ya kwanza nasema ukweli bila kuulizwa, na niliusema kwa watu nisiowajua, mama akiwa ardhini.

Wewe unayechimba na kubeba zebaki mpaka nyumbani kwako, irudishe ilikotoka leo. Kama imeshamwagika, waondoe watoto, sema, uaibike, watu waje waone. Aibu utaizoea.

Na kama kuna mtu amebeba kosa lako, amenyamaza kwa sababu anaamini ni lake, usimpelekee sukari na sabuni. Usingoje wiki ijayo. Nyanyuka uende ukamwambie akiwa bado anaweza kukutukana!